Macho ya Wawili

Mithali husema kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Maneno hayo ni kweli kwa mtu mmoja mmoja, walakini hayakutungwa kwa ajili ya watu waliooana. Katika ndoa ya miaka mingi aghalabu mwenye macho ndiye aambiwaye tazama. Mume huliona shamba ambalo mke hakulitazama. Mke huona katika uso wa mtoto huzuni ambayo mume ameipita kama kivuli cha mti. Wakisafiri pamoja, nchi moja huwa nchi mbili, na wakirejea kwao husimulia safari mbili zilizolipiwa nauli moja. Jambo hilo liliwathibitikia mume na mke wa Kihurio waliokaa Bara Hindi muda wa miezi mitano, tangu mwisho wa Septemba 2018 hata Februari 2019.

Kihurio iko chini ya milima ya Upare ya kusini, upande wa mashariki, katika wilaya ya Same. Barabara itokayo Same mjini hupita Kisiwani, Maore na Ndungu, ikafika Kihurio, kisha ikashika njia ya Bendera na Mkomazi. Upande mmoja milima imesimama kama ukuta; upande wa pili nyika imejinyosha, na ndani yake iko Hifadhi ya Mkomazi. Maji hushuka kutoka mlimani, na watu wa tambarare huyapokea kwa mifereji wakalima mpunga na mahindi. Huko juu Wapare walichimba tangu zamani mabwawa madogo yaitwayo ndiva. Ndiva hujaa usiku watu wakiwa wamelala, ikafunguliwa asubuhi, na kila mwenye shamba akapata zamu yake. Mtu aliyelelewa penye ndiva hujifunza mapema kwamba maji hayana ndugu, na kwamba kuiheshimu zamu ya jirani ni kuilinda zamu yako mwenyewe.

Mume alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, na kijiji kizima kilimwita Mwalimu. Mkewe alimwita vivyo hivyo, naye alimwita mkewe Mama. Mama alikuwa mkulima wa mpunga, mwenye kujua bei ya gunia kabla dalali hajafungua kinywa. Walikuwa na watoto wanne, na kitinda mimba wao alikuwa akisoma uhandisi katika mji wa Madurai, katika jimbo la Tamil Nadu, kusini ya Bara Hindi.

Kwa muda wa miaka minne ukungu ulikuwa ukiingia machoni mwa Mwalimu. Kwanza aliacha kusoma gazeti, akasema magazeti ya siku hizi hayana habari. Kisha aliacha kutembea jioni, akasema magoti yamechoka. Alipoanza kujikwaa katika kizingiti cha nyumba aliyoijenga mwenyewe, alisema fundi alikipachika vibaya. Haikuwa kwamba nchi ilikosa matabibu. Moshi kuna hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, na maelfu ya watu wametibiwa macho huko. Lakini kiburi ni maradhi yanayomzuia mgonjwa kuyataja maradhi mengine. Mwalimu aliyewafundisha watoto wa watu kusoma alijionea haya kusema kwamba haoni herufi.

Mwanawe alipokuja likizo alimshika mkono akampeleka Moshi. Huko waliambiwa kwamba jicho la kushoto lina mtoto wa jicho, na kwamba mtoto wa jicho huondolewa. Ila jicho la kulia limekwisha kufa kwa maradhi ambayo watu huyaita presha ya macho. Maradhi hayo huja bila ya maumivu. Huanza kwa kula pembe za mwono, yakaingia ndani kidogo kidogo kama mchwa katika boriti, na mshipa wa jicho ukishakufa haufufuki kwa dawa wala kwa kisu. Tena yalikuwa yamekwisha kuligusa jicho la kushoto, na sukari ya damu ilikuwa juu. Matabibu walitaka kuanza kazi mara moja. Lakini kijana alikuwa amekwisha kuwapangia wazazi wake safari ya kumtembelea, na katika mji aliosoma palikuwa na hospitali ya macho yenye sifa kubwa. Shauri likawa moja: jicho litibiwe huko, mbele ya macho ya mtoto. Ng'ombe wawili waliuzwa, magunia ya mpunga yakauzwa, na ukoo ukachanga.

Basi waliondoka. Majahazi ya zamani yalingojea upepo wa kusi uyapeleke Bara Hindi, na kaskazi uyarudishe pwani yetu. Ndege iliwavusha bahari ile ile kwa muda wa saa sita hivi, wasione wimbi hata moja. Kutoka Mumbai walipanda gari moshi kwenda kusini, safari ya zaidi ya mchana na usiku. Mwalimu alikaa penye dirisha kwa sababu ya heshima, akaona weupe tu. Mama alikaa upande wa pili, akamwambia yaliyopita nje. Walakini masikio ya Mwalimu yalikuwa mazima, nayo yakaokota mali yao wenyewe. Alisikia abiria wakisema gari, chai, chapati na laki, akacheka kama mtu aliyekuta vyombo vya nyumbani kwake katika nyumba ya jirani. Alipoambiwa kwamba fedha ya nchi ni rupia alikumbuka wazee waliomsimulia kwamba kodi ya Wajerumani ililipwa kwa rupia. "Mama," alisema, "nchi hii ilifika kwetu kabla sisi hatujafika kwake."

Madurai ni mji wa kale kando ya mto Vaigai. Mto huo, kama mito mingi ya nyikani, huwa mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka. Katikati ya mji lipo hekalu la Meenakshi lenye minara 14, na mnara wa kusini, ulio mrefu kuliko yote, hupita mita 50. Maana ya jina hilo ni mwenye macho kama ya samaki. Kijana alipomfasiria baba yake alisema kwamba samaki hafumbi macho, na wenyeji huamini kwamba mungu wao huwaangalia mchana na usiku bila ya kupepesa. Mwalimu hakuwa wa dini hiyo, wala hakutaka kuwa. Lakini alinyamaza kitambo, akauliza kama ziko nchi nyingine ambako mtu asiyeona hupelekwa kutibiwa chini ya mnara wa macho.

Kazi ya kuona ikawa ya Mama. Kila jioni Mwalimu alikaa kitandani akauliza, "Umeona nini leo?" Naye Mama alimletea mji. Alisema kwamba mnara ule umejaa sanamu za rangi zote, kama mlima uliovishwa kanga za duka zima. Alisema kwamba ng'ombe hulala katikati ya njia wakatafuna polepole kama wenye hati ya kiwanja, na magari huwazunguka kwa adabu. Alisema kwamba alfajiri kila mwanamke hufagia mbele ya mlango wake, akainyunyizia maji, kisha akachora chini maua na mafundo kwa unga wa mchele, bila ya kuinua mkono mpaka mstari umerudi ulikoanza. Na ikifika jua la utosi miguu imeufuta na sisimizi wameula, naye kesho huchora mwingine. Jambo hilo lilimshangaza kuliko minara. "Unga wa mchele, Mwalimu, kwa sisimizi!" alisema mtu aliyejua bei ya gunia. Siku chache baadaye alisema kwamba amelifikiri tena, na kwamba huenda ikawa ni zamu ya sisimizi.

Asumini alimletea mkononi. Mji ule una sifa ya asumini, na wanawake huvaa vikuba vyake nywelini, maskini na tajiri sawasawa. Mama alinunua kikuba akakiweka chini ya mto wa mumewe, ili mji uingie kwa mlango ulio wazi.

Makao waliyapata kwa taabu. Mwenye nyumba mmoja aliwatazama akasema chumba kimekwisha kupangishwa. Wa pili alikuwa mjane mzee aliyeishi peke yake. Aliwapa chumba cha uani na siku ile ile akawaletea wali juu ya jani la mgomba. Walimwita Amma, yaani mama, kama wenyeji walivyomwita, naye alimwita Mwalimu Ayya kwa heshima. Hakujua Kiswahili, wala wao hawakujua Kitamil, lakini wanawake wawili wenye jiko moja hawakosi lugha. Mama alimpikia makande. Mjane alikula, akafikiri, akaongeza pilipili.

Hospitali waliyoiendea ni Aravind. Iliasisiwa mwaka 1976 na tabibu Govindappa Venkataswamy, wakati huo ikiwa na vitanda 11 tu. Tabibu huyo alikuwa amekwisha kustaafu kazi ya serikali akiwa na umri wa miaka 58, na vidole vyake vilikuwa vimepindwa na baridi yabisi tangu ujanani. Kwa vidole hivyo hivyo alijifunza kushika kisu cha upasuaji. Alikufa mwaka 2006, na nyumba yake ya vitanda 11 imekuwa miongoni mwa hospitali kubwa kabisa za macho duniani. Utaratibu wake ni kwamba malipo ya wenye nacho huwabeba wasio nacho, na wasichana wa vijijini hufundishwa kuwa wauguzi. Mwalimu aliposimuliwa habari hizo alihesabu miaka yake mwenyewe. Yeye alipostaafu alidhani ameambiwa kaa. Mwenzake alidhani ameambiwa anza.

Matabibu walitaka kwanza kuishusha presha ya jicho kwa matone na sukari ya damu kwa dawa na chakula, ndipo wapasue. Majuma yakapita. Siku moja ya Oktoba kijana alikuwa na mtihani, na Mwalimu alikuwa ameingizwa ndani kupimwa. Mama alibaki kwenye benchi na swali ambalo hakuthubutu kuliuliza mbele ya mumewe. Alimwendea muuguzi, akagusa jicho lake la kushoto, akatumia maneno mawili ya Kitamil aliyokuwa ameyaokota, la jicho na la uzuri: jicho litakuwa zuri? Muuguzi alitabasamu, akatikisa kichwa, bega hili na bega hili.

Kihurio, kama mahali pengi, kutikisa kichwa ni kukataa. Mama alirudi kwenye benchi akakaa. Tabasamu lile alilidhania ni la huruma. Mumewe alipotoka alimshika mkono, akasema, "Wamesema tuendelee na matone."

Tangu siku hiyo simulizi za jioni zilibadilika. Mama alitoka mapema akarudi kwa kuchelewa, akaleta zaidi na zaidi. Alieleza rangi ya kila sari. Aliuhesabu msururu wa watoto wa shule wenye suka mbili na utepe. Alikwenda kuliangalia ziwa la mraba lililojengwa na mfalme Thirumalai Nayak katika karne ya 17, akamwonyesha mumewe ukubwa wake kwa kumtembeza uani hatua kwa hatua. Alikuwa akimwekea akiba. Alijaza usiku, kama ndiva, kwa ajili ya asubuhi isiyokuja. Mwalimu alisikiliza, akashukuru, akawa mkimya kupita desturi.

Siku kumi na nane zilipita hivyo. Siku ya kumi na tisa Mama alikwenda sokoni na mjane kununua nyanya. Alitaja bei yake kwa vidole. Muuza nyanya alitikisa kichwa, bega hili na bega hili. Mama aligeuka akaenda zake, kama alivyokuwa amewaacha wauzaji wengi tangu afike, akishangaa ugumu wa watu wa nchi ile. Mara alisikia mbio nyuma yake. Muuza nyanya alimfuata na mzigo umekwisha kupimwa, akautia kikapuni, akanyosha mkono kudai fedha. Mjane alicheka hata akashika ukuta. Kisha alimweleza Mama kwa kichwa chake mwenyewe: hivi ni kukubali, hivi ni kukataa.

Mama aliketi chini sokoni, katikati ya majani ya kabichi, akalia. Watu walikusanyika. Mjane alidhani ni kwa sababu ya bei.

Jioni ile alimwambia mumewe yote. Mwalimu alikaa kimya, kisha akasema kwamba naye alijua. "Nilijua umesikia jambo. Sauti yako ilianza kuniaga. Nikasema, ikiwa Mama hawezi kunitamkia, mimi nitamrahisishia nisiulize." Ndipo yalipotoka maneno yaliyokuwa yamekaa kwa miaka. Mwalimu aliuliza, "Kule nyumbani, uliniona nikijikwaa?"

"Nilikuona tangu mwaka 2014."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa ukiona haya. Nami niliona haya kukuona ukiona haya."

"Basi," alisema Mwalimu, "haya ya watu wawili imekula jicho moja."

Hakuna aliyemlaumu mwenziwe usiku ule. Lakini walipeana ahadi, na ahadi hiyo ndiyo mali kubwa waliyorudi nayo kutoka Bara Hindi.

Upasuaji ulifanywa katika Novemba, mvua za kaskazini mashariki zilipokuwa zimeushukia mji. Haukuchukua muda mrefu kuliko kunywa kikombe cha chai. Kesho yake bandeji ilifunguliwa. Mwalimu aliona kwanza mkono wa muuguzi, kisha dirisha, kisha mtu mwenye mvi aliyesimama karibu na mlango.

"Mama, umezeeka lini?"

"Ulipokuwa hutazami," alijibu Mama.

Baada ya hapo Mwalimu aliitembea nchi kama mkaguzi wa shule, na daftari alilolikagua lilikuwa simulizi za mkewe. Mnara ulikuwa kama alivyoambiwa, na zaidi. Ng'ombe walikuwapo. Maua ya unga yalikuwapo kila mlango. Lakini aliona na mambo ambayo hayakuandikwa: taka zilizojaa katika mchanga wa mto, watu walionyosha mikono penye milango ya hekalu, mzee aliyelala chini ya daraja, kichwa juu ya kiatu chake. Aliona pia nyumba ile ya kwanza, na kibao cha kupangisha chumba bado kilikuwa kimetundikwa. Alisimama mbele yake.

"Ulisema chumba kilikwisha chukuliwa."

"Yeye ndiye aliyesema."

"Nawe uliona uso wake."

"Niliuona. Wewe ulikuwa na bahati."

Mwalimu alitafakari akasema, "Uliniazima macho, Mama, lakini uliyafuta kwanza." Mama alikiri. Alisema kwamba mpishi huchambua mchele kabla ya kupika, wala hamletei mgonjwa mawe. Mwalimu alijibu kwamba mgonjwa asiyejua kama mchele una mawe hajui kazi ya mpishi. Hoja hiyo haikuamuliwa. Huenda msomaji aliyepata kumwuguza mtu anajua hukumu yake.

Jambo moja waliliona kwa macho sawa. Mjane alikuwa na ndugu kijijini, naye aliwachukua huko wakati wa Pongal, sikukuu ya mavuno katikati ya Januari. Waliona mchele mpya ukipikwa kwa maziwa katika chungu nje ya nyumba, na maziwa yalipofurika watu walipiga kelele za furaha, kwa maana kufurika ndiyo baraka yenyewe. Kesho yake ng'ombe walioshwa, pembe zao zikapakwa rangi. Nyuma ya kijiji lilikuwapo bwawa kubwa liitwalo eri, lenye tuta la udongo la kale, na mtu maalumu aliyekabidhiwa kazi ya kuyagawa maji shamba kwa shamba. Mwalimu na Mama walitazamana. Walipanda juu ya tuta bila ya kuambiwa, wakatafuta penye mlango wa maji, wakaupata pale pale walipodhani. Yule mgawa maji alistaajabu kuona wageni wawili weusi wakiinama kulikagua lango lake kama watu waliotumwa na serikali. Kijana alifasiri. Mgawa maji aliuliza swali moja: kwao, mtu akiiba zamu, hufanywaje? Mama alieleza adhabu ya wazee. Mgawa maji alitikisa kichwa, bega hili na bega hili, na safari hii Mama alielewa.

Wakati wa kushuka Mwalimu alisema kwamba ndiva hungojea usiku mmoja, na eri hungojea mwaka mzima. Lakini yote mawili hupasuka yasipofunguliwa kwa wakati wake. Mama hakujibu, alijua hayakuwa maneno ya maji.

Walirejea Kihurio katika Februari. Watu walikuja kuwasalimu na kuuliza Bara Hindi ikoje. Mwalimu alianza kusimulia, Mama akasahihisha. Mama akasimulia, Mwalimu akaongeza taka na kibao. Wageni walipata nchi mbili kwa kikombe kimoja cha chai ya tangawizi. Kisha Mwalimu alieleza habari ya jicho la kulia bila ya kuficha, akataja kizingiti na fundi aliyesingiziwa. Alisema kwamba maradhi yale hupenda kutembea katika ukoo, kwamba mwanawe amekwisha kupimwa, na kwamba yeyote aliyekwisha kuacha kusoma gazeti kwa kuwa halina habari aende kupimwa nalo jicho lake. Mzee mmoja aliyekuwa karibu na mlango aliondoka bila ya kuaga. Juma lililofuata mwanawe alimpeleka Moshi.

Jicho moja lililobaki hutaka matone kila jioni maisha yote. Mwalimu hulala chali, Mama huinamia, akahesabu tone. Jicho hulazimika kufumbwa kitambo ili dawa isimwagike, na katika kitambo hicho Mwalimu huwa tena kipofu kama alivyokuwa Madurai. Zamani yeye ndiye aliyekuwa akiuliza. Siku hizi Mama ndiye aulizaye, huku kidole chake kikiwa pembeni mwa kope ya mumewe:

"Umeona nini leo?"

Naye humwambia yote, na mawe yamo.